Hati Ilikuwa Halali, Mzee Ndiye Alikuwa Feki

Hati feki hainisumbui sana siku hizi. Unaipeleka ofisi ya ardhi, unalipia upekuzi, majibu yanarudi kwamba kumbukumbu hiyo haipo au ipo kwa jina la mtu mwingine, na mnaagana na dalali kwa amani. Anayenisumbua ni mtu feki aliyeshika hati halali. Huyo upekuzi haumkamati, maana upekuzi unakwambia kiwanja kimesajiliwa kwa jina la nani na kama kina rehani au zuio. Haukwambii kama mzee aliyekaa mbele yako na kofia yake ya kiua ndiye mwenye jina hilo.

Mimi ni karani kwenye ofisi ya wakili hapa Dar es Salaam. Ninafanya zile kazi ambazo wakili haonekani akizifanya: kutoa kopi vitambulisho, kukaa foleni ofisi ya ardhi na mamlaka ya mapato, TRA, kujaza fomu namba 29, 30 na 35 za uhamisho, kuwakumbusha watu picha za pasipoti. Karatasi za viwanja karibu zote zinafanana, hivyo baada ya muda unajikuta unawasoma zaidi wanaozileta.

Mgeni akifika jiji hili anashangaa kuta zilizoandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Wenyeji hatushangai. Maandishi yale huwekwa na ndugu wanaogombea mirathi, au na mwenye nyumba anayesafiri, na mara nyingine na mtu ambaye alishaamka asubuhi akamkuta mnunuzi asiyemjua anapima uwanja kwa futi kamba.

Yule mwalimu mstaafu aliingia ofisini akiwa na kiinua mgongo chake kilichokuwa hakijakaa benki hata kikapoa, na dalali pembeni. Kiwanja kilikuwa Madale, kimepimwa, kina hati ya miaka 99, na bei ni milioni 38. Majirani wa kiwanja kile walikuwa wanataja 60.

"Bei imeshuka kwa sababu mzee anarudi Muscat Ijumaa," dalali akaeleza kabla hajaulizwa. "Mwalimu, tusipowahi sisi, kuna mtu wa Mwanza ameshaahidi kutuma nusu."

Mtu wa Mwanza. Sijawahi kumwona, lakini kila kiwanja kinachopita mezani kwetu kwa haraka yeye yupo, na daima ameshaahidi kutuma nusu.

Mzee mwenyewe alikuwa mpole, amevaa kanzu safi, na kila sentensi anaianza kwa kumshukuru Mungu. Upekuzi ulirudi mzuri: jina, namba ya kiwanja, kitalu, hakuna rehani, hakuna zuio. Kitambulisho cha taifa kilikuwa na jina lile lile. Kitu cha kwanza ninachoangalia kwenye kitambulisho cha NIDA ni namba. Zipo tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Matapeli wavivu hubadilisha picha na tarehe wakaisahau namba, ukakuta mtu aliyezaliwa 1958 ana namba ya aliyezaliwa 1971. Ya mzee ililingana. Aliyemtengenezea alikuwa anaijua kazi.

Nikamwambia, "Mzee wangu, ulilipia kopi elfu mbili, zimetumika elfu moja tu. Nikurushie chenji kwenye simu?" Hii ni mbinu yangu ya siku zote. Laini za simu nchini zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole mwaka 2019, kwa hiyo unapotuma hela, jina linalotokea ni la mtu aliyeweka kidole chake mahali fulani. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke.

"Laini ya mjukuu wangu," akasema. "Mimi laini yangu ni ya kule."

Inaingia akilini. Wazee wetu wangapi wanatumia laini za wajukuu? Nikamwomba risiti za kodi ya pango la ardhi. Alikuwa nayo moja, ya mwaka ule, imelipwa wiki ile. Za nyuma ziko Muscat. Hilo nalo linaingia akilini. Wakili akamwambia malipo yataingia benki, kwenye akaunti yenye jina lililo kwenye hati.

"Mwanangu, mimi akaunti zangu zote ziko Muscat. Hapa tutumie ya kijana wangu."

"Hakuna tabu, mzee. Tutatuma huko huko Muscat."

Akatabasamu, akasema hilo litachukua muda, na muda ndio hana.

Nimeyaandika yote haya kwa sababu watu hudhani tapeli anajulikana kwa uongo mmoja mkubwa. Kila jibu la mzee yule lilikuwa ni jibu ambalo mwenye kiwanja wa kweli anayeishi Omani angeweza kulitoa. Kilichotustua ni kwamba majibu yote yalikuwa yanamkwepesha mahali pale pale, penye kidole. Laini si yake, akaunti si yake. Wakili alipotaja TIN, ile namba ya mlipakodi, kwamba muuzaji lazima awe nayo kwa ajili ya kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida ya kuuza mali, mzee akasema mambo ya TRA tutayamaliza kwa hati ya uwakilishi, karatasi ya kumpa mtu mwingine mamlaka ya kusaini kwa niaba yake, akishaondoka. Alitaka kusaini mkataba na kupokea hela, basi. Uhamisho ungefuata.

Mimi na mwalimu tukapanda daladala mpaka Madale bila kumwambia dalali. Hili nawaambia wateja wote, hata wanaokuja na gari zuri: nenda kiwanjani siku ambayo hukualikwa. Ukienda na dalali, jirani utakayekutana naye anaweza kuwa amepangwa. Pale kona kulikuwa na mama ana genge la mboga. Tukamwamkia, tukanunua nyanya, mwalimu akauliza kile kiwanja chenye mwarobaini ni cha nani.

"Cha kaka yake Mama Shufaa, yule aliyeko Uarabuni. Mnataka kukodi? Mama Shufaa ndiye anayepalimisha."

"Tumesikia kinauzwa, dada."

Akatuangalia, akaacha kupanga nyanya, akamwita mtoto amfuate Mama Shufaa. Haikuchukua muda tulikuwa tumesimama uani kwa Mama Shufaa tukimtazama kaka yake kwenye simu kwa WhatsApp, mtu mfupi, hana kipara wala ndevu nyeupe za mzee wetu, yuko dukani kwake na feni inapiga kelele nyuma yake. Mwanzoni alidhani ni familia inaomba hela, akawa anajibu kwa tahadhari ile ya watu wa nje. Alipoelewa, akakata simu. Akapiga tena akiwa nyumbani, ameshika hati yake, ameitoa kwenye sanduku. Namba ya hati ile ile tuliyoiona mezani kwetu.

Kwa hiyo kulikuwa na hati mbili za kiwanja kimoja, na yetu ilikuwa na muhuri halisi. Jalada la kiwanja kule ofisi ya ardhi ndilo lililotufumbulia. Mtu akipoteza hati, sheria inampa njia: ripoti ya upotevu ya polisi, kiapo, kisha tangazo kwenye Gazeti la Serikali kwamba hati fulani imepotea na Msajili wa Hati anakusudia kutoa nyingine kama hakuna pingamizi ndani ya mwezi mmoja. Njia nzuri, na wanaoihitaji kwa haki ni wengi. Lakini nani anasoma Gazeti la Serikali? Tunasoma sisi ambao tunalipwa kulisoma. Mtu aliyeko Muscat na duka lake hawezi kujua kwamba hati yake iliyo sandukuni imetangazwa kupotea Dar es Salaam, na kwamba mwezi umepita bila pingamizi.

Na yule aliyeapa kwamba ameipoteza alipata wapi maelezo yote hayo? Mwenye kiwanja, yule wa Muscat, alikuja kukumbuka. Muda fulani nyuma alitaka kujenga, akapata mtu wa kumfuatilia kibali cha ujenzi, akampigia picha hati yake ukurasa kwa ukurasa, na pasipoti, na picha yake ndogo, akamtumia zote kwenye simu. Kibali hakikupatikana, picha zikabaki kwa yule bwana. Kutoka kwake zilikwenda wapi, polisi ndio walioachiwa kazi hiyo. Tangu hapo, kopi yoyote ya kitambulisho inayotoka ofisini kwetu ninaiandika katikati, juu ya maandishi, kwa kalamu: kwa ajili ya jambo fulani tu, na tarehe. Wateja wengine wanaona nawachafulia. Wachafuliwe.

Mzee tulimwita aje kusaini kama kawaida. Alifika mlangoni, akaona viti vimeongezeka, akasema anakimbilia adhuhuri mara moja, anarudi. Simu haikupatikana tena. Dalali akaapa kwamba na yeye alimjulia kijiweni tu. Huenda kweli, wapo madalali wanaouza kiwanja cha mtu ambaye hata jina lake la pili hawalijui, na hawaoni ubaya.

Kilichonihuzunisha zaidi ni yule mwanamke mwenye laini. Alipatikana, muuza samaki, hamjui mzee wala Madale hajafika. Alisajili laini yake kwa kijana mwenye mwavuli barabarani, kijana akamwambia kidole hakijasoma, weka tena. Kile cha mara ya pili kilisajili laini nyingine kwa jina lake, na ndiyo iliyouzwa. Ukipiga *106# utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Mimi siku hiyo nilipiga papo hapo, nikawapigisha na ofisi nzima.

Hapa kuna jambo la pembeni ambalo nikiliacha litaniwasha. Kabla hatujaenda Madale, dalali alikuwa ameshamshawishi mwalimu mkataba uandikwe milioni 15 ili kodi iwe ndogo. Watu wengi wanafanya hivyo na wanaona ni ujanja. Kodi ya ongezeko la mtaji ni mzigo wa muuzaji. Mnunuzi anapunguziwa kidogo sana, kwenye ushuru wa stempu, ambao ni asilimia moja. Halafu mambo yakiharibika, mnunuzi anasimama polisi na mahakamani na mkataba unaosema alilipa 15. Zile 23 nyingine atazidai kwa karatasi gani? Atasema alidanganya serikali kwa hiyo aaminiwe sasa? Sijawahi kuona tapeli anayekataa bei ya uongo kwenye mkataba.

Watu feki hawako upande wa muuzaji mkuu peke yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo mawakili tunadai mwenza aje asaini. Jibu la mtaani likawa mke wa kukodi. Aliletwa mmoja kwetu, dada mtulivu, ana cheti cha ndoa na kitambulisho, anasaini kila anapoonyeshwa. Wakili wetu ana desturi ya kuzungumza na mwenza peke yake, mume akisubiri nje, kwa sababu hata mke wa kweli anaweza kuwa ameletwa kwa kulazimishwa. Akamuuliza mtoto wao mkubwa yuko darasa la ngapi.

"Yuko la... ngoja nimuulize baba yake."

Hatukupiga kelele. Wakili alimwambia mume arudi na wazee wa pande zote mbili za familia. Hajarudi. Mke wa kweli wa nyumba ile nilikuja kumfahamu baadaye. Alikuwa Dodoma kwa mama yake, anamuuguza.

Mirathi ina namna yake. Mtu anakuja na barua ya usimamizi kutoka Mahakama ya Mwanzo, muhuri upo, na huenda ni ya kweli kabisa. Ila msimamizi anaweza kuwa alishatenguliwa na mahakama hiyo hiyo, na barua ya zamani akabaki nayo mfukoni. Tunachukua namba ya shauri, tunakwenda mahakamani kufungua jalada, kisha tunaomba kuonana na warithi wengine, hata wawili. Wakati mwingine warithi wanajua kila kitu na wanakupikia chai. Wakati mwingine unapiga simu, upande wa pili kimya, halafu unasikia, "Nyumba ya baba inauzwa?" Hati ya uwakilishi nayo ni hivyo hivyo: inakufa siku aliyeitoa anapokufa. Mtoto anayeuza kwa hati aliyopewa na baba mwaka juzi, wakati baba alizikwa mwaka jana, hana mamlaka, hata kama nia yake ni kulipa ada za wadogo zake. Ndiyo maana nikiona hati ya uwakilishi nataka kusikia sauti ya aliyeitoa, na nataka kuona kama imesajiliwa kwa Msajili.

Viwanja visivyopimwa siwezi kuvisemea sana, maana pale hakuna daftari la kulipekua. Unabaki na mkataba, mashahidi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kumbukumbu za wazee wa eneo. Nitasema tu kwamba mwenyekiti aliyeko madarakani leo anaweza asimjue muuzaji wa kweli, na aliyestaafu anamjua. Mtafute aliyestaafu.

Siku moja utambulisho ulioibwa ulikuwa wa kwetu wenyewe. Alikuja kijana na mkataba wa mauziano wa Kigamboni, analalamika kwamba wakili wetu alimshuhudia muuzaji tapeli na sasa hapokei simu. Muhuri una jina la wakili wetu. Saini inafanana na yake kwa mtu asiyeijua. Anuani ya sanduku la posta ni yetu, namba ya simu siyo. Kijana alikuwa amekutana na "wakili" kwenye gari, nje ya benki, na hakuona ajabu kwa sababu mawakili wana haraka. Mihuri inachongwa mjini kwa bei ya chakula cha mchana. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili ambao mtu yeyote anaweza kutafuta jina la wakili akaona kama yupo kwenye orodha na anaruhusiwa kufanya kazi, lakini katika mkasa huu usingemsaidia, jina lilikuwa la wakili wa kweli. Kilichokuwa kinatakiwa ni kupanda ngazi zetu. Wakili alikwenda kuandikisha maelezo polisi kwamba muhuri si wake, na kwa muda mrefu baada ya hapo nilikuwa napokea simu za watu wakiuliza kama kweli sisi ndio sisi. Ofisi nzima iliudhika. Mimi nilizifurahia simu zile.

Mwalimu hakukata tamaa. Alipumzika, akaoneshwa kiwanja kingine Kibaha, mwenye mali ni bibi mmoja anayeuza ili akakae kwa binti yake. Tukaanza maswali yetu: laini, akaunti, kodi ya pango, majirani. Bibi akanung'unika, "Mnaniuliza kama nimeua," kisha akamwaga juu ya meza mfuko wa risiti, nyingine wino umefifia mpaka huoni kitu, na katikati yake barua aliyowahi kuandikiana na halmashauri kwa ugomvi wa mpaka. Nikamrushia chenji, jina likatokea lake, yote matatu.

Tulipodhani tumemaliza, akamgeukia mwalimu.

"Na wewe? Kitambulisho chako kiko wapi?"

Mwalimu akakitoa. Bibi akavaa miwani, akasoma namba moja moja, akamtaka binti yake aiandike kwenye daftari. Siku ya malipo mwalimu akamwonyesha karatasi ya benki kwamba hela imeingia. Bibi akairudisha bila kuisoma, akasema jirani yake aliuza ng'ombe kwa karatasi kama hiyo, na meseji juu yake, na hela haikuwepo. Akaomba kupelekwa benki. Tulikaa naye pale foleni ya wazee, mimi, mwalimu na wakili mwenye kesi saa nane, mpaka dada wa dirishani alipomchapia taarifa ya akaunti na kumsomea salio taratibu. Akamwambia asome tena. Ndipo akaniomba kalamu.